Bi Machozi wa Kitabuni

Kitabu chenyewe kilitoka mfukoni mwa koti. Ulikuwa mwaka wa mafuriko makubwa, mwaka ambao redio ilituletea neno Elinino na sote tukalishika kama tuliozaliwa nalo. Mto Tana ulipanda kingo zake ukaingia mashambani, ukaingia sokoni Garsen, ukaingia katika hoteli ndogo ya mamangu ukaondoka na mabenchi. Barabara ya Malindi ikakatika, ya Hola ikakatika, na sisi tukahamia shule ya msingi iliyokuwa mwinukoni, kila jamaa na pembe yake ya darasa. Siku moja helikopta ikatua uwanjani na mahindi, maharagwe na marobota ya mitumba. Robota la darasa letu lilikuwa na koti zito lenye manyoya shingoni, koti la nchi za baridi, ambalo mtu wa Garsen angelivaa angeloa jasho kabla hajaufikia mlango. Tulilicheka mpaka tukasahau njaa. Nikalivaa ili niwachekeshe zaidi, nikatia mkono mfukoni, nikakuta kitabu.

Jaladani palikuwa na mwanamke wa nywele ndefu, ameegemea kifua cha mwanamume, macho ameyafumba kama mtu anayeumwa na kichwa. Kilikuwa cha Kiingereza, na kurasa zake zilikuwa zimefura kwa unyevu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, na tangu hapo sikuwa nimepata cha kusoma isipokuwa maandishi ya pakiti za majani ya chai. Nilikaa nacho dirishani nikaanza. Sikumbuki nilicheka nini, lakini nilicheka, na mamangu akasema, "Mwanakwetu, kama kuna raha humo usile peke yako. Tusomee."

Basi ikawa desturi. Alasiri, baada ya swala, wanawake wa darasa letu walikuja na milala yao, wakakaa sakafuni wakisuka ukili wa mikeka, nami nikakaa juu ya dawati. Nilisoma Kiingereza kimoyomoyo, nikawatolea Kiswahili kwa sauti. Wengi waliingia na kutoka, lakini watatu hawakukosa. Mmoja alikuwa mamangu. Wa pili alikuwa mwanamke wa Kiorma aliyekuwa akiletea hoteli yetu maziwa kila asubuhi kabla ya maji kuja. Ng'ombe wa kwao walikuwa wamepelekwa mbali kwenye ardhi kavu, naye amekwama upande wetu na wajukuu. Wa tatu alikuwa mke wa mwenye duka, Msomali, ambaye sukari yote ya duka lao ilikuwa imekwenda na mto. "Samaki wa Tana mwaka huu watakuwa watamu," alisema, na hicho ndicho kilichokuwa kilio chake chote. Hakulia zaidi.

Nawataja kwa sababu hawa walikuwa watu waliopoteza vitu, na walikuwa wakimsikiliza mwanamke ambaye hakuwa amepoteza chochote, lakini analia kuanzia ukurasa wa kwanza.

Alikuwa muuguzi. Ameajiriwa katika nyumba kubwa ya mawe kumtunza bibi mmoja tajiri. Bibi yule alikuwa na mjukuu, mwenye farasi na mashamba, mwanamume wa kidevu kikali. Siku ya kwanza tu alimwambia muuguzi kwamba viatu vyake vinachafua zulia. Muuguzi akaenda chumbani kwake akalia. Siku ya pili akamkuta bustanini, akamshika mkono kwa nguvu, akambusu bila kuulizwa, halafu akamwambia asijidhanie kitu. Muuguzi akalia tena, lakini mara hii, kitabu kilisema, moyo wake ulikuwa ukipiga kama ngoma.

"Ngoja," alisema mama wa maziwa. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, kila neno limekatwa mahali pake. "Huyu mwanamke hana kwao?"

"Ana mama, mji mwingine."

"Hana kaka?"

"Hawajamtaja."

"Basi hiyo ndiyo shida," alisema, akarudi kwenye milala yake, kama daktari aliyekwisha kuupata ugonjwa.

Lakini haikuwa hiyo tu. Yule muuguzi alikuwa na kazi, ana mshahara, ana miguu miwili na barabara isiyofurika. Alikuwa na kila kitu cha kumtoa pale mlangoni. Tulimngoja aondoke. Kila alasiri nilipofungua kitabu, mke wa mwenye duka aliuliza kwanza, "Abaayo, ameondoka?" Hilo ni neno lao la kumwita dada, naye aliniita hivyo ingawa mtoto wake wa kwanza alikuwa rika langu. Nami nilijibu, "Bado." Darasa zima likasonya.

Nilichokichukia zaidi ni kuzirai. Kila alipotakiwa kujibu, mwanamke yule alizirai. Mjukuu alipomtuhumu kwamba anamnyemelea bibi kwa ajili ya urithi, badala ya kumwambia wewe ni mwongo, alianguka juu ya kochi. Alipopata habari kwamba yule mwanamume ana mchumba mjini, akaanguka ngazini. Mke wa mwenye duka alitupa ukili wake chini. "Wallahi, huyu ningemwamsha kwa kofi," alisema. "Halafu ningempa chai, halafu kofi la pili." Hapo ndipo tulipompa jina. Tukamwita Bi Machozi, na jina likatoka darasani likazunguka shule nzima, hata watoto wakilia kwa kuanguka wakawa wanaambiwa, "Inuka, Bi Machozi."

Mamangu peke yake hakumwita hivyo. Alisuka na kusikiliza. Tulipofika mahali ambapo yule mwanamume amekwenda zake mjini bila kuaga, na mwanamke amebaki dirishani majira mazima akitazama njia, wenzake wote walikuwa wakiguna, lakini mamangu alisema kwa upole, "Mwacheni. Anampenda. Ana subira."

"Subira gani hiyo, mama?" nikasema. "Huyu amekwama tu."

"Wewe soma. Mstahimilivu hula mbivu."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," nikamjibu, na wanawake wakacheka. Mamangu hakucheka.

Hapo inanibidi nieleze. Asili yetu ni Kinakomba, watu wa kulima kando ya mto. Babangu alikwenda Mombasa kutafuta kazi bandarini nilipokuwa mdogo wa kubebwa, na tukawa twamjua kwa salamu za wapita njia tu. Ndugu zake mamangu walimshauri arudi kwao aolewe upya. Hakukubali. Alihamia Garsen, akafungua hoteli, akapika chai na mahamri kwa wasafiri wa mabasi, akanilea, akangoja. Babangu alirudi miaka mingi baadaye, mgonjwa, na mamangu akamuuguza mpaka tulipomzika Kinakomba. Watu walimsifu sana. Mpaka leo ukitaja jina lake mtoni mtu atakuambia, yule mwanamke wa subira. Hiyo ndiyo mali aliyokuwa nayo, na maji hayakuweza kuichukua.

Na mimi nilikuwa na mchumba. Alikuwa fundi wa pampu katika skimu ya kilimo ya Bura, kijana wa pikipiki, mcheshi, mwenye kicheko kilichojaza hoteli yetu kila alipopita Garsen. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Hakuwahi kunishika mkono kwa nguvu, wala hakunitukana viatu. Alikuwa akiniletea matikiti maji ya Bura, yaliyokuwa matamu kuliko yetu. Posa ilikuja, ikapokelewa, na arusi ikawekwa baada ya mavuno ya pamba. Mavuno yakapita. Ikasemwa kaka yake mkubwa ataoa kwanza. Kaka akaoa. Ikasemwa nyumba haijaezekwa. Kila mara alinijia akicheka, akasema, "Ngoja kidogo tu, mpenzi," na kila mara niliona ni jambo dogo. Ningeona uchungu wa nini? Nilikuwa na mfano wangu nyumbani, na mfano wenyewe ulikuwa ukisifiwa mto mzima.

Kisha maji yakaja, na alasiri baada ya alasiri nikawa nikimkasirikia mwanamke wa kitabuni, na hasira ile ikawa kubwa kuliko kitabu. Nilikuwa nikisoma na mashavu yananichoma. Siku moja daktari mmoja wa kijijini, mtu mpole, alimwambia Bi Machozi, kuna hospitali ya watoto inahitaji muuguzi mkuu, nimekutaja wewe, njoo. Darasa letu lilishangilia kama goli limeingia. Mama wa maziwa aliinua mikono akamshukuru Mungu. Nikageuza ukurasa. Alikataa. Alikataa kwa sababu, alisema, yule mwanamume akirudi asipomkuta dirishani, atadhani hakupendwa.

Nilifunga kitabu nikasema, "Leo basi."

Nilikuwa na sababu yangu. Kila asubuhi, wakati wa njaa na upweke ule, nilikuwa nimeanza kuwafundisha watoto wa kambi, kuwashughulisha tu, kwa kipande cha chaki na ukuta. Mwalimu mkuu wa shule alinitazama kwa muda, halafu siku ile akaniambia kuna shule upande wa juu wa mto, Chewele, ambayo walimu wakipelekwa hawakai. Wazazi wenyewe walikuwa wakitafuta mtu wa kuwafundishia watoto, hata kama hajasomea ualimu. "Barabara ikifunguka, nikutaje?" aliniuliza. Nilimwambia nitafikiri. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nikimfikiria mtu wa Bura, kwamba akija asinikute atadhani nini. Na alasiri ile ile nikayasikia maneno yangu kinywani mwa yule mjinga. Niliyatafsiri kwa sauti yangu mwenyewe mbele ya watu.

Kesho yake tulimaliza kitabu. Nilikuwa nimekwisha kutangulia kuusoma mwisho, kwa hiyo niliusoma bila pumzi, kama mtu anayemeza dawa. Mwanamume alirudi. Hakuomba radhi. Alisema mchumba wa mjini hakuwa mchumba, alikuwa mzaha, na kwamba muda wote huo alikuwa akimjaribu aone kama kweli ni mwanamke wa kungoja. Na yeye Bi Machozi, huku machozi yanamtoka, akamwambia angemngoja hata milele. Akavua kofia yake ya uuguzi akaitupa motoni. Wakabusiana. Mwisho.

Nikafunga kitabu. Halafu mke wa mwenye duka akasema, "Alikuwa akimjaribu?"

"Ndivyo kilivyoandikwa."

"Kama mbuzi wa sokoni? Kumfungua mdomo kuhesabu meno?"

Mama wa maziwa alikwisha kuinuka, akakung'uta leso yake. "Nimepoteza milala," alisema. "Nimesuka vibaya kwa hasira. Nitafumua yote." Akaenda zake.

Mamangu ndiye aliyesema, "Mimi naona amefanya vyema. Amempata."

Nilikuwa bado juu ya dawati. Nilisema, na sikuteremsha sauti, "Amempata nani, mama? Mtu aliyemwacha dirishani ili amjaribu? Huyu si mwanamke wa subira, huyu ni gogo. Gogo nalo hungoja. Hungoja mto uje kulichukua."

"Unamsema nani?" mamangu akauliza.

"Namsema huyu wa kitabuni."

"Unamsema nani?"

Wanawake waliobaki walikusanya milala yao wakatoka mmoja mmoja, kwa adabu, kila mmoja akijifanya amekumbuka chungu jikoni. Tukabaki wawili. Mamangu hakupaza sauti. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alisema, "Wewe wadhani mimi nilikaa kwa sababu sikuijua njia. Ndugu zangu walinijia na mtumbwi, wakaufunga pale pale mbele ya nyumba. Nikawaambia rudini. Nilisema hapana kwa kinywa changu. Nilimtaka babako, nikaamua nitamngoja, na kila asubuhi niliamua upya. Sikuzirai, mwanangu. Nani angepika chai?"

Sikuwahi kuisikia habari ya mtumbwi. Niliteremka dawatini nikakaa sakafuni karibu naye, na pengine ningenyamaza hapo, maana moyo wangu ulikuwa umeshikwa. Lakini kilichokuwa kweli kilikuwa kweli bado.

"Basi, mama," nikasema, "wewe si kama yeye. Wewe uliamua. Yeye hata kungoja hakuamua, aliangukia tu. Na mimi naangukia. Sijawahi kusema ndiyo, sijawahi kusema hapana. Naambiwa ngoja, nangoja."

"Kijana yule ni mtu mzuri."

"Ni mzuri. Sijasema si mzuri."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka kwenda Chewele."

Alinitazama kama niliyesema nataka kwenda mwezini. Alinyanyuka akaenda kuchota maji, na siku zile hakukosa maji hata mtoto. Kila ndoo yetu ilikuwa imejaa.

Maji yaliposhuka yaliacha matope mpaka kwenye madirisha. Tulikwangua hoteli kwa majembe. Magari ya kwanza yalipoanza kupita kutoka Hola, wasafiri walileta habari za Bura: mifereji imejaa mchanga, pampu zimezama, lakini watu ni wazima. Nikashukuru. Nikangoja mchumba wangu aje, au atume neno. Magari yakaja, na wengine waliomjua wakala chai kwetu wakaniambia hajambo, anakusalimu. Salamu za wapita njia. Niliposikia neno hilo linatoka kinywani mwa utingo wa lori nilihisi baridi, na halikuwa jambo la kitabu tena.

Alikuja mwishowe, akiwa na ami yake, mtu mzima wa kofia na bakora. Kwa upande wetu mjomba wangu alishuka kutoka Kinakomba. Walikaa ndani ya hoteli, kwenye mabenchi mapya yaliyonukia mbao mbichi, na mlango ukarudishwa ili wateja wasiingie. Mchumba wangu alikuwa amekonda. Alinipungia mkono kwa siri kutoka upande wa pili, akacheka kile kicheko chake kidogo, na nakiri nilifurahi kumwona. Nilikuwa jikoni nikichemsha chai, nikisikia kila kitu, maana kati ya jiko na meza palikuwa na pazia tu.

Ami yake alizungumza vizuri. Alisema skimu imeharibika, kazi haieleweki, na mtu mwenye akili haoi katikati ya matope. Tungoje mpaka mambo yatulie. Mjomba akasema hilo lina maana. Mamangu akasema hewala. Kisha ami akakohoa akaendelea, "Kuna jambo jingine tumelisikia, la Chewele. Sisi tunaliona haliwezekani. Msichana aliyeposwa haendi kukaa peke yake katika vijiji vya watu. Watasema nini kwetu Bura? Atulie kwa mama yake, angoje."

Mjomba akasema, "Hilo nalo lina maana."

Hapo nilikuwa nimekwisha kuingia na sinia. Desturi ilinitaka niinamishe kichwa, niweke vikombe, nitoke. Niliweka vikombe. Nikamimina chai, kikombe cha ami kwanza, kama inavyotakiwa. Halafu nikasimama palepale.

"Ami, nisamehe," nikasema. "Jambo hili ni langu, nami nipo hapa. Niulizeni mimi."

Mjomba alisema, "Nenda jikoni." Ami yake alikitazama kikombe. Nilihisi damu inaniteremka kutoka kichwani, na kwa muda mfupi nilidhani kweli nitaanguka, pale mbele ya wakwe. Nikashika ukingo wa meza. Nikabaki nimesimama.

Mchumba wangu ndiye aliyenijibu, kwa upole. "Kwani unakimbilia wapi? Si mimi nipo?"

"Uko wapi?" nikamwuliza. "Tulipokuwa tukila mahindi ya helikopta, ulikuwa wapi?"

"Barabara ilikatika. Unajua."

"Najua. Na ilipofunguka? Malori yamepita, mabasi yamepita, mpaka kuku wa kuuzwa wamepita. Wewe umenitumia salamu."

"Nilikuwa na kazi."

"Na mimi nina kazi. Imenijia, naitaka. Chewele ni karibu na kwenu kuliko hapa. Ukinitaka, utanikuta huko. Lakini kukaa hapa kungoja mambo yatulie, hapana. Sitangoja. Nasema mbele ya wakubwa ili isije ikasemwa sikusema."

Ami yake akaweka bakora juu ya magoti. "Na tukisema ama Chewele ama arusi?"

"Basi mmeshachagua, ami. Karibuni chai, itapoa."

Sikuinywa mimi. Nilirudi nyuma ya pazia nikakaa juu ya mfuko wa makaa. Nilisikia mabenchi yakisogezwa. Nilisikia pikipiki ikiwaka. Mambo yaliyobaki waliyamaliza wakubwa siku nyingine, bila mimi, na kilichokuwa cha kurudishwa kikarudishwa.

Mamangu alikuja jikoni akaosha vikombe, kila kimoja, taratibu. Alipomaliza cha mwisho akasema, "Umenivua nguo mbele ya watu."

"Nimesema hapana kwa kinywa changu, mama," nikamjibu.

Alielewa. Niliuona uso wake ukielewa, na ndiyo sababu alikasirika zaidi. Hakunisemesha mpaka nilipoondoka, isipokuwa mambo ya kazi: leta unga, ondoa sufuria, mteja anaita. Mji mzima ulikuwa na la kusema. Walisema shule imeniharibu. Mama mmoja wa kanisani, na mzee mmoja wa msikitini, watu wasiokubaliana jambo, walikubaliana kwamba nitazeekea nyumbani. Kuna waliosema ni kitabu cha mapenzi kilichonipotosha, na hao nilitamani kuwashika mkono niwakalishe niwasomee, waone kilivyokuwa kikihubiri yale yale waliyokuwa wakinihubiria wao. Kitabu kile kilikuwa upande wao. Walipaswa kukishukuru.

Siku ya kuondoka, mama wa maziwa alinifungia maziwa ya mgando. Mke wa mwenye duka, ambaye duka lao lilikuwa limefunguliwa upya, alinipa soksi. "Huko juu kuna miiba," alisema, "na ukizirai, zirai mahali pasafi." Mamangu alinibebea mkoba mpaka lori lilipokuwa. Dereva alikuwa anawasha injini alipoongea.

"Sikubariki," alisema, "na sikulaani. Nenda ukaone."

"Haya, mama."

"Na ule."

Niliona. Chewele joto lake halikuwa na huruma, na darasa langu la kwanza lilikuwa kivuli cha mti wa mgunga uliotudondoshea miiba vichwani. Wazazi waliniuliza nitakaa muda gani, kwa sauti ya watu waliokwisha kuzoea jibu. Nikawaambia sijui, nikakaa. Kutoka hapo nilipelekwa chuo cha ualimu, na kutoka chuoni nikarudi kufundisha mtoni. Mamangu alikuja kunitembelea mwaka wa pili, akakaa nyuma ya darasa na mkoba wake magotini, akasikiliza somo zima la hesabu. Alipotoka alisema nazungumza haraka mno. Kuhusu yale mengine hatujakubaliana hadi leo. Yeye anaona ningengoja, nami naona alingoja yeye, ikatosha kwa nyumba yetu.

Nimesoma riwaya nyingi za mapenzi tangu wakati huo. Watu hushangaa, hudhani mwanamke wa namna yangu anazidharau. Sizidharau. Nazipenda, ndiyo maana huzigombeza. Nataka mwanamke apende mpaka dari itikisike, lakini nataka akiulizwa ajibu. Anayezirai kabla ya kujibu namtupa kando, na sijali ana nywele ndefu kiasi gani.

Niliwahi kukutana na mtu wa Bura mara moja, miaka kadhaa baadaye, Hola, nje ya duka la vifaa. Alikuwa amenunua mpira wa pampu, ameuzungusha begani. Alikuwa ameoa, ana watoto, amenenepa kidogo, na kicheko kilikuwa kile kile. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana habari za wazee. Kisha akatikisa kichwa, akasema bila uchungu wowote, "Lakini wewe! Ungengoja kidogo tu."

"Ningengoja mpaka lini?" nikamwuliza.

Nilitaka kujua kwa kweli, sikuwa namkejeli. Alifungua kinywa, akafikiri, akauhamisha ule mpira bega la pili. Basi langu likapiga honi. Nikamngojea jibu mpaka honi ya pili, halafu nikapanda.